Mbwa Mwitu Hakumla Yusuf: Wanyama wa "Peponi"

Riwaya inaanza na mtoto, na baada ya mtoto wanafuata wadudu. Yusuf ana miaka 12. Ni msimu wa ukame, maua yanachanua ghafla na kufa, na wadudu wa ajabu wanatoka chini ya mawe na kujipindapinda juani mpaka roho inawatoka. Si mbali na hapo tunafika nyumbani kwa wazazi wake, wenye hoteli ndogo katika mji wa Kawa, na tunakuta nguzo za ukumbi wa nyuma zimeingiliwa na wadudu watoboao mbao. Baba kila akipita anazichapa kibao kwa hasira, kama mtu anayewajulisha wadudu kwamba mchezo wao ameshaujua. Yusuf akizigonga zinatoa sauti ya kitu laini, tupu ndani, na unga wa uozo unadondoka. Akilia njaa, mama anamwambia ale hao wadudu, kisha anacheka akimwona anavyokunja uso.

Neno "deni" halijatajwa bado. Lakini nyumba inaliwa kwa ndani, mwenye nyumba anajua, na kitu pekee anachoweza kufanya ni kupiga nguzo makofi. Muda mfupi baadaye mtoto anapandishwa treni pamoja na tajiri Aziz, mgeni mwenye tabia ya kumpa sarafu ya "ana" kumi, pesa ya zama hizo, kila aagapo. Yusuf anadhani anakwenda kutembea. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake.

Hiki ndicho kitabu ambacho Abdulrazak Gurnah alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, kikaingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huohuo, na kikangoja hadi 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi wake kupata Nobeli, ndipo Ida Hadjivayanis akakileta kwa Kiswahili kupitia Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Miaka 28 ya kungoja, kwa kitabu kinachosimulia watu wa pwani yetu! Basi, kimefika. Uhakiki huu unakipima kwa jambo moja tu, namna kinavyotumia wanyama kusimulia jinsi mtoto anavyoacha kuwa mtoto. Kwa kipimo hicho Peponi ni kati ya riwaya za makuzi zilizosukwa kwa uangalifu mkubwa kabisa kutoka pwani yetu, na kuna mambo ambayo msomaji wa Kiswahili atayaona humo na msomaji wa Kiingereza yatampita.

Tuanze na kosa linalofanyika mara nyingi. Mwanafunzi akiulizwa kuhusu taswira za wanyama katika riwaya hii huchora jedwali: mbwa ni woga, bustani ni pepo, chatu ni hatari, ndege wa bendera ni ukoloni. Jibu linapata alama, riwaya inakufa. Jedwali linashindwa kwa sababu mbwa wa mwanzo wa kitabu na mbwa wa ukurasa wa mwisho hawana maana moja, na kilichobadilika katikati si mbwa. Wao wanafanya yaleyale wanayofanya siku zote: kuzurura, kutazama, kula wanachokipata. Aliyebadilika ni anayewatazama. Kwa hiyo ukitaka kupima umri wa Yusuf usihesabu miaka. Angalia anawaonaje mbwa.

Ufunguo uko katika jina lake. Riwaya imesimama juu ya kisa cha Nabii Yusuf, na haifichi: tajiri anaitwa Aziz, cheo cha yule bwana wa Misri katika Kurani, na mke wake mkubwa anaitwa Zulekha, jina ambalo halimo ndani ya sura yenyewe bali limekuja na masimulizi. Kuna kanzu inayochanwa kwa nyuma, kuna kijana mzuri wa sura anayesumbuliwa kwa ajili ya uzuri wake, kuna safari, kuna ndoto. Wahakiki wameyasema haya mara nyingi. Kisichosemwa vya kutosha ni yule mbwa mwitu.

Katika sura ya 12 ya Kurani, ndugu zake Yusuf wanapomwomba baba yao wamchukue mdogo wao, Yaakub anasema anachelea mbwa mwitu asije akamla. Wanaondoka naye, wanamtumbukiza kisimani, wanarudi usiku wakilia, na mdomoni wana neno lilelile alilowapa baba: mbwa mwitu kamla. Kanzu wanayoileta ina damu ya uongo. Katika Biblia, Mwanzo 37, damu hiyo ni ya mbuzi, na mnyama hatajwi kwa jina, ni mnyama mkali tu. Kurani ndiyo inayomtaja, na hivyo inamfanya awe mtuhumiwa wa kusingiziwa anayejulikana sana katika masimulizi ya dini zetu. Mnyama hakufanya lolote. Waliomuuza mtoto ni watu wa nyumbani kwake.

Soma Peponi ukiwa na hilo kichwani, na kila mnyama anageuka. Yusuf wa Gurnah anawaogopa mbwa kuliko kitu chochote, na mbwa hao hawamgusi. Waliomtoa ni baba na mama. Aliyempokea ni mtu mpole, mwenye tabasamu dogo, ambaye hapandishi sauti. Riwaya nzima inampa mtoto kitu cha kuogopa upande mmoja, na kumtenda upande mwingine.

Kiswahili kinaongeza hapa jambo ambalo halimo kwenye kitabu asilia, na haliwezi kuwamo. Kwa Kiingereza mbwa ana jina lake na mbwa mwitu ana lake, na kwa Kiarabu ni hivyohivyo, maneno mawili yasiyo na undugu. Kwetu huyu ni mbwa na yule ni mbwa wa mwituni. Mbwa wanaopita usiku mbele ya duka la Aziz na yule aliyesingiziwa kumla Nabii Yusuf wanachangia neno moja. Gurnah aliufunga uzi huo kwa fundo la siri. Katika lugha ya tafsiri fundo liko wazi mezani. Tafsiri husemwa kwamba ni hasara tupu, na kwa kawaida ni kweli, ila hapa faida imejileta yenyewe.

Mbwa wenyewe wanaingia mapema, katika sehemu ya kwanza kati ya sita. Yusuf amefikishwa katika mji wa pwani, amekabidhiwa kwa Khalil, kijana anayeuza duka la Aziz, na wawili hao wanalala barazani mbele ya duka. Usiku mbwa wa mitaani wanapita. Yusuf anashtuka usingizini na kuwakuta wamesimama kwenye mbaamwezi wakimtazama, na kinachomtisha ni utulivu wao. Khalil, badala ya kumtuliza, anamsimulia habari za mbwa mwitu na mbweha wanaoiba watoto wa binadamu, wakawalea kinyama na kuwafundisha lugha yao na uwindaji. Ni hadithi ya kutisha watoto. Ila isome tena: mtoto anaibwa kwao, anafundishwa lugha ngeni na kazi ngeni, anakua akiwa mmoja wa waliomchukua. Khalil anasimulia maisha yake mwenyewe. Naye ni mtoto wa rehani, ameletwa kwa deni la baba, amekaa hapo hadi amekuwa mtu wa nyumba, na ndiye anayemfundisha Yusuf kwamba Aziz si ami yake wala mjomba wake, amwite seyyid, yaani bwana. Khalil anawalaumu mbwa kwa jambo lililofanywa na kina baba, kama walivyofanya ndugu wa Nabii Yusuf.

Ili uzito wa mbwa hawa uingie vizuri, msomaji asiye wa pwani anahitaji maelezo kidogo. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa hafugwi ndani, habembelezwi, haitwi jina la kibinadamu. Kwa msomaji wa London ambaye mbwa wake analala kitandani, hofu ya Yusuf ni ya meno. Kwa mtoto aliyelelewa Kawa au Unguja, meno ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kuguswa, na kubaki umeguswa. Ukurasa wa mwisho hauna nguvu bila kulijua hili.

Na kuna mbwa mwingine katika Kurani, anayesahaulika. Ni mbwa wa watu wa pangoni, katika Surat Al-Kahf, aliyelala amenyoosha miguu ya mbele kizingitini wakati mabwana zake wamelala ndani. Tazama sasa Yusuf na Khalil wanalala wapi. Si ndani ya nyumba. Nyumba ina ukuta na bustani, na hawaruhusiwi kuingia humo watakavyo. Wanalala barazani, kwenye mlango wa mali ya bwana, wakiilinda kwa miili yao. Mwandishi hasemi kwamba wavulana hao ndio mbwa wa kizingitini, wala mimi sitadai alikusudia. Lakini pale mbwa wa mtaani wanapowatazama wavulana usiku, kuna macho ya pande mbili yanayofahamiana, na ni upande mmoja tu ambao bado haujajua.

Khalil ana jina la utani kwa Yusuf, na ndilo neno zuri kuliko yote katika kitabu: kifaurongo. Gurnah aliliacha kwa Kiswahili katika maandishi ya Kiingereza, akalitolea maana fupi yenye kifo na uhai ndani yake. Maana hiyo inamtosha mgeni, lakini imemtoa mdudu. Kifaurongo kwetu ni mdudu ambaye ukimgusa anakunja miguu na kujifanya mfu, na ukimwachia kwa muda anainuka na kwenda zake. Ni pia ule mmea unaojikunja majani ukiguswa. Khalil anakusudia kumdhihaki mtoto mzito, mwenye kulialia, asiyejibu. Msomaji anayemjua mdudu huyu anasikia zaidi ya dhihaka, anasikia mbinu ya kuishi.

Fuatilia sasa kila mara Yusuf anapoguswa, kwa maana halisi ya kuguswa. Ma Ajuza, mteja wa dukani, anamvamia na kumkumbatia akimwita mume wake, na kijana anaganda. Katika safari ya bara mnyapara Mohammed Abdalla anamtisha kwa macho na kwa maneno, naye anaganda. Bibi Zulekha anamwita ndani amsomee dua kwenye alama iliyomharibu uso, anamkaribia, na kijana anaganda tena mpaka siku anapokimbia na kanzu ikachanwa mgongoni. Kila mara anakuwa mfu wa uongo na kila mara anainuka. Swali la riwaya, kwa lugha ya mdudu huyu, ni moja: mtu anaweza kujifanya mfu mara ngapi kabla haujaisha uongo ukabaki ufu? Mzee Hamdani, mtunza bustani, aliyepewa uhuru wake akaukataa, ni jibu mojawapo, na si jibu la kudharauliwa. Katika kitabu hiki ni yeye anayeulizia uhuru umetoka wapi, na nani alikuwa nao hata akawa wa kuutoa.

Sehemu ya pili, ya mji wa mlimani kwa mfanyabiashara Hamid Suleiman, ina mazungumzo mengi na wanyama wachache, na kwa kipimo chetu ndiyo nyepesi. Kalasinga, fundi wa magari, ni mhusika wa kufurahisha, na mabishano yake na Hamid na Hussein juu ya pepo ni chakula kizuri, ila mtu anayefuata mbwa atapita upesi. Asipite upesi stoo, lakini. Humo Yusuf anakutana na mali ya magendo iliyofichwa, vipusa. Kwa msomaji wa Kiingereza ni pembe za kifaru basi. Kwa Kiswahili kipusa ni pembe ya kifaru, na kipusa ni msichana mzuri wa kuvutia. Neno moja linabeba kiungo kilichokatwa kwa mnyama na mtu anayetamaniwa kwa sura. Anayeviona ni kijana ambaye mwenyewe amewekwa kwa Hamid kama amana, mzuri kiasi kwamba watu hawaachi kumtazama. Kama kuna ukurasa unaoeleza biashara ya Aziz bila kuhubiri, ndio huo.

Safari ya bara, sehemu ya tatu na ya nne, ndipo majina ya wanyama yanapohamia kwa watu. Msaidizi wa mnyapara ni Simba Mwene. Mtawala aliyeko karibu na ziwa, anayeushika msafara na kuzuia mali yote, ni Chatu. Kwa Kiingereza hilo ni jina tu, kama Peter. Msomaji wa Kiswahili anafika pale tayari anahisi mkunjo wa yule nyoka mbavuni mwake. Na hapo ndipo Gurnah anapotutega kwa mara ya pili. Chatu anatarajiwa ameze. Badala yake ndiye anayewashutumu wafanyabiashara kwamba wamekuja kuimeza dunia ya watu wake. Ana sababu: msafara uliotangulia ulimhadaa, na anachokichukua sasa anakihesabu kuwa fidia. Mmezaji mwenye jina lake analia kwamba anamezwa, kisha wanafika Wajerumani na askari wao, wanaamua kesi, mali inarudi kwa Aziz, na nani amemeza nani linabaki kuwa suala la wakati tu.

Hapa nina lalamiko. Msimulizi anatembea karibu mno na msafara. Watu wa bara wanaonekana kwa macho ya watu wa pwani, ambao huwaita washenzi na kuwasema kama kundi la wanyama, na ingawa riwaya inajua kwamba macho hayo yana ugonjwa, mara nyingine haijitengi nayo vya kutosha. Bati, msichana wa mji wa Chatu anayemfariji Yusuf, angestahili kurasa zaidi. Anakuja kama joto la jioni, anaondoka kama joto la jioni. Wapagazi wanakufa bila majina. Mwalimu anayefundisha kitabu hiki asiache darasa likadhani kwamba kwa kuwa mhusika mkuu ni mtumwa, basi macho yake hayana dharau.

Ndoto ya safarini, kwa upande mwingine, isomwe polepole. Yusuf anauona woga wake. Umelala kwenye mbaamwezi, unang'aa, umetapakaa utelezi wa kondo la nyuma, kama kitu kilichozaliwa muda huohuo, na anauona unapumua. Hakuna anayeambiwa ni mnyama gani. Ni kichanga tu cha kiumbe, bado hakijasimama. Weka alama ukurasa huo, kwa sababu mwisho wa kitabu unaurudia, na asiyeukumbuka atadhani sentensi ya mwisho imeanguka kutoka mbinguni.

Je, Aziz ana mnyama gani? Hana, na hili ni la makusudi. Mkoloni wa kwanza ambaye Yusuf anamwona, kwenye kituo cha treni cha Kawa, anamtolea meno na kukunja vidole kama makucha. Bendera ya njano kituoni ina ndege mweusi mwenye hasira. Kila mwenye nguvu amepewa mdomo au ukucha, isipokuwa tajiri. Yeye amepewa harufu. Mwandishi anaipanga hivi: ngozi na manukato, ubani na viungo, na kitu kingine kisichotajika kinachomfanya mtoto afikirie hatari. Ngozi imetangulia. Mnyama yumo ndani ya Aziz, ila ameshachunwa na kutiwa marashi. Ndiyo maana mtoto anamkimbilia kumbusu mkono, na usiku anawaogopa mbwa.

Kuhusu mwisho, anayependa kufika bila kuambiwa aruke aya mbili.

Vita vinakaribia. Askari wa Kijerumani wanakuja mjini kukamata wanaume wa kubeba mizigo, na Yusuf na Khalil wanajifungia dukani wakichungulia. Msafara unapiga kambi, kisha unaondoka na mateka wake. Yusuf anatoka kutazama mahali walipokuwa. Pembeni mwa kivuli cha msufi kuna marundo ya mavi, na mbwa wameshafika, wanakula kwa pupa. Wanamtupia jicho la pembeni na kugeuza miili kukikinga chakula chao, kama watu wanaomjua mwenzao mwenye tamaa. Hapo anaelewa: mbwa walimtambua mla mavi tangu siku ya kwanza. Anaukumbuka woga wake ulivyokuwa ukipumua mbaamwezi. Sasa anajua utakua uwe nini. Hofu ya usiku ule barazani ilikuwa hofu ya jamaa.

Wahakiki wengi wanaupima utoto uliopotea hapa kwa mapenzi yake na Amina, mtoto mwingine wa rehani aliyeolewa na Aziz, na kwa kanzu iliyochanika. Ni kweli kiasi. Lakini Amina ndiye anayejua tangu zamani, amekwishamwambia kwamba jehanamu ni hapa walipo. Yusuf anakuja kujua pale kwenye mavi. Na ona kisichokuwepo. Katika sura ya 12 kanzu zipo tatu: ya damu ya uongo, iliyochanwa nyuma, na ile inayorudisha macho ya Yaakub. Gurnah amechukua ya katikati peke yake. Hakuna aliyehitaji kudanganya kwamba mtoto ameliwa, na hakuna baba aliyelia hadi kupofuka.

Kwa anayefundisha au kuongoza kikundi cha kusoma, ushauri wa vitendo. Isomeni kwanza Surat Yusuf, aya 111, saa moja inatosha. Wasio Waislamu wachukue Mwanzo kuanzia 37. Kisha gawanyeni riwaya vipindi sita, sehemu moja kwa kila kipindi, na mkiona muda hautoshi unganisheni ya tatu na ya nne, kamwe msiunganishe ya tano na ya sita. Katika mjadala msiulize "mbwa anaashiria nini?" Ulizeni nani anasema habari za mbwa, kwa nani, na wakati huo anaficha nini. Swali la kwanza linaleta jibu la neno moja. La pili linamleta Khalil mzima. Jina la sehemu ya mwisho katika kitabu asilia lina maana ya pande la damu, na linatoka Surat Al-Alaq. Mwenye Kiarabu katika kikundi atawaambia kwamba "alaq" ni kitu kinachonata, na kwamba neno hilohilo hutumika kwa ruba. Acheni hilo lizunguke mezani.

Hatari kubwa ya kuisoma kwa Kiswahili ni wepesi. Katika Kiingereza maneno kama mnyapara, rehani, magendo na seyyid yanasimama kama mawe njiani na kumlazimisha msomaji apunguze mwendo. Kwa Kiswahili mawe yamerudi ardhini, mtu anateleza, na safari ya bara yenye majina mengi ya miji inaweza kumpitia kama orodha ya vituo vya basi. Dawa yake ni kuchora ramani mbovu ya penseli: pwani, reli, mlima, ziwa. Vilevile maisha ya Amina yamesimuliwa kwa mkupuo mmoja, mambo ya miaka mingi kwenye kikao kimoja, na hapo riwaya inachechemea kwa lugha yoyote ile.

Na mkisoma ukurasa wa mwisho kwa sauti, darasani hasa, msomaji atashawishika kusema "kinyesi" pale penye mavi. Asifanye hivyo. Kinyesi ni cha zahanati, hakinuki, na mbwa wale hawali kinyesi. Asome taratibu mpaka msafara uwe bado unaonekana kwa mbali, nyuma upande wa bustani isikike sauti kama ya milango inayotiwa komeo, na Yusuf ageuke mara moja, kisha aukimbilie msafara macho yakimwasha. Mnyamaze kidogo. Halafu mtu mmoja aulize lile komeo limefungwa na nani, na kutokea upande gani.